Moto wa Jumatano na Jumamosi

Swali la tisa katika fomu ya bima liliuliza kama nyumba ingekaliwa mwaka mzima. Niliandika Ndiyo, kwa wino wa bluu, bila kusita. Kwenye swali la nne, lililohusu umbali kati ya jiko na nyumba, nilikuwa nimesita. Nilitoka nje na futi kamba nikapima upya, ingawa nilishaupima umbali huo siku niliyochimba msingi. Kwenye swali la kumi na moja, lililotaka orodha ya vyombo na samani, nilitumia jioni mbili. La tisa halikunichukua hata dakika moja.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Nilikuwa fundi wa mizani pale Kibaoni. Wanunuzi wa mpunga waliniletea mizani zilizolegea springi au zilizopigwa na kutu, nami nilizirudisha katika ukweli wake kwa kutumia mawe ya kupimia niliyoyatunza ndani ya kitambaa. Shule yangu iliishia darasa la saba. Mengine niliyajua kwa vitabu vilivyotumika na kamusi ya Kiingereza isiyo na jalada. Mkataba wa bima ulipofika ulikuwa kurasa kumi na moja za Kiingereza, maandishi madogo. Niliutafsiri wote kwenye daftari, sentensi kwa sentensi. Kazi hiyo ilinichukua karibu mwezi, na nilipoimaliza nilijiona nimefanya jambo ambalo hakuna mtu mwingine katika mtaa wetu wa Lipangalala aliyelifanya. Hilo lilikuwa kweli.

Nyumba yenyewe tuliijenga mimi na mke wangu kwa miaka sita. Mke wangu alikuwa na pumu tangu utotoni. Daktari alimwambia, na mimi nikiwepo, kwamba asilale kwenye sakafu ya udongo, asilale penye moshi, na chumba chake kiwe na madirisha pande mbili. Basi tukachoma matofali wenyewe, tukamwaga saruji sakafuni, tukaweka madirisha pande mbili, na jiko tukalijenga kando, la miti na nyasi, hatua kumi na mbili kutoka mlango wa nyuma. Mwaka wa kwanza tulipohamia, alilala chali. Hilo ni jambo dogo kwa mtu mwenye kifua kizima. Mimi nilikuwa sijawahi kumwona amelala chali; siku zote alilala ameketi.

Kwa hiyo nilipokata bima sikuwa nawaza matofali. Nyumba ile ikipotea, nilijua ni nini kingepotea pamoja nayo.

Majirani walinitania. Kulikuwa na fundi baiskeli aliyekaa mkabala na kibanda changu cha kazi, na hakuna siku iliyopita bila yeye kunichokoza.

"Bwana Bima, habari za asubuhi? Haijaungua bado?"

"Bado."

"Pole sana. Subira tu."

Watu waliokuwa wakisubiri pancha wakacheka. Mmoja akauliza, "Sasa Fundi, ukiungua wewe mwenyewe wanakutengeneza mwingine?"

"Hiyo ni bima ya maisha," nikasema. "Fomu yake ni tofauti."

"Ana fomu ya kila kitu huyu!"

Mke wangu hakupenda mizaha hiyo. Aliniomba nisizungumzie habari za kuungua mbele za watu, kana kwamba nyumba ilikuwa na masikio. Lakini alitaka kuelewa, nikamsomea tafsiri yangu ukurasa kwa ukurasa, yeye akichambua mchele kwenye ungo. Mkataba ulilinda nyumba na vilivyomo dhidi ya moto, radi, na wezi waliovunja ili kuingia. Haukulinda dhidi ya maji ya mto yaliyofurika, wala mchwa, wala uchakavu.

Akaacha kuchambua. "Hebu rudia."

Nikarudia.

"Mto na mchwa ndivyo vinavyotula hapa bondeni," akasema. "Hao watu wako wamechagua visivyokuja."

Nilimweleza kwamba bima ni kwa ajili ya yale yanayokuja mara chache na kuchukua kila kitu, na kwamba yale ya kila mwaka mtu anapaswa kujilinda nayo mwenyewe. Bado naamini maelezo yale yalikuwa sahihi.

Katika ukurasa wa saba kulikuwa na sharti. Nyumba ikikaa tupu siku thelathini mfululizo bila kampuni kujulishwa, ulinzi wa moto na wizi ungesimama hadi watu warudi. Nalo nilimsomea, nikatafsiri vizuri, na daftari ninalo hadi leo. Sote wawili tulilisikia sharti lile tukawaza nyumba fulani karibu na reli, ambayo mwenyewe alikwenda Dar es Salaam akaacha popo waingie. Hatukujiwaza sisi.

Lazima nieleze jinsi tulivyoishi, maana mtu wa nje atashangaa. Kila mwaka, mwezi wa kwanza, tulivuka mto kwa kivuko na kwenda kwenye shamba la mpunga. Tulikaa huko katika dungu, kibanda kilichoinuliwa juu ya miti ili maji yapite chini, hadi mavuno ya mwezi wa sita. Karibu mtaa mzima ulifanya hivyo. Mizani hazina kazi wakati mpunga bado uko shambani. Kifua cha mke wangu kiliteseka huko, lakini alikuwa mkulima, binti wa wakulima, na alisema anavumilia kwa sababu anajua anarudi wapi. Tulichukua sufuria mbili, mikeka, majembe na chandarua. Vitanda, nguo nzuri, vitabu vyangu na redio vilibaki, kwa sababu nyumbani palikuwa pale.

Nasi hatukuiacha nyumba hivi hivi. Kwetu mtu akienda shamba huacha moto wake kwa mtu. Jiko likipoa miezi mingi, mchwa hupanda nguzo, nyoka huingia, na wapitao husema wenyewe wamekufa au wamehama. Sisi tulimwachia shangazi yake mke wangu, mjane aliyeishi nyumba ya tatu kutoka kwetu, ambaye hakuweza tena kwenda shamba kwa sababu ya magoti. Kila Jumatano na Jumamosi aliingia na ufunguo, akafungua madirisha, akafagia, akawasha moto kwenye mafiga, akasukumia gogo kubwa, na kuliacha lifuke hadi jioni. Moshi ulitoka kwenye nyasi za jiko na kila mtu alijua nyumba ile ina wenyewe. Kisha akampa salamu mtu yeyote aliyekuwa anavuka, na salamu zilitufikia shambani: Shangazi amewasha. Nami niliandika kwenye daftari langu: Jumatano, amewasha. Jumamosi, amewasha.

Katika mwaka wa pili wa bima, mvua zilikatika mapema. Ilikuwa Jumapili mchana, mpunga umeanza kuwa njano, na mke wangu alikuwa juu ya dungu akipiga debe kufukuza ndege. Jirani yetu wa shambani, Msukuma aliyechungia ng'ombe wake ng'ambo ya mfereji, alirudi kutoka mjini kwa baiskeli. Alikuwa mtu wa salamu ndefu, na siku hiyo zilikuwa ndefu zaidi. Alituuliza habari za mpunga, za ndege, za kifua cha mama, za binti yetu aliyeolewa Kidatu.

Mke wangu akateremka ngazi. "Baba, una neno. Liseme."

"Mayu," akasema, kama Wasukuma wanavyomwita mama, "kaa kwanza."

"Nimekaa tangu asubuhi. Sema."

"Nyumba yenu imeshika moto jana. Watu ni wazima."

"Shangazi?"

"Mzima. Analia tu."

Akashusha pumzi. "Basi ni nyumba," akasema. Ndege walikuwa wameshuka kwa sababu debe limenyamaza. Alipanda tena, akapiga mara nne au tano, halafu nikaona mikono yake imesimama.

Kuta zilikuwa zimebaki. Jiko lilikuwa majivu, na upepo ulikuwa umebeba nyasi zinazowaka hatua zile kumi na mbili hadi kwenye kenchi za nyumba. Dari ya mianzi ilidondokea vitanda. Mabati yalikuwa yamejikunja kama majani ya mgomba yaliyokaushwa. Shangazi aliketi chini mlangoni kwake, hakuinuka.

"Shikamoo, Shangazi," nikasema.

"Marahaba, baba. Nimewaunguzia." Alikuwa amekwenda kwake kula. Gogo alilisukumia kama siku zote.

Mke wangu aliketi kando yake, akamshika goti. Mimi nilibaki nimesimama. Nataka niandike kwa ukweli nilivyojisikia: nilikuwa mtulivu. Nilimwinamia mke wangu nikamwambia, "Tuna bima." Alinitazama kwa namna ambayo sikuwa nimetazamwa tangu siku ya kwanza alipolala chali. Aliniamini. Hata fundi baiskeli, siku iliyofuata, aliinuka akanipa mkono, akasema, "Tulikuwa tunacheka, Fundi. Kumbe wewe uliona mbali."

Mtathmini wa kampuni ya bima alikuja kwa basi la Mikumi baada ya wiki mbili. Asubuhi ile, mke wangu alinitazama nikifuta vumbi kwenye daftari.

"Hilo unalipeleka wapi?"

"Ndiyo ushahidi wetu."

"Liache. Akiuliza, mwambie nyumba ina watu. Shangazi si mtu?"

"Humu kuna kila kitu. Orodha ya vyombo, vipimo, kila moto uliowashwa."

"Ndiyo maana nasema liache," akasema. "Wewe unapenda sana kuonyesha."

Nilidhani anaogopa tu watu wa ofisini. Sikuelewa kwamba alikuwa ameshaliona lile ambalo mimi, niliyetafsiri kurasa kumi na moja, sikuliona.

Mtathmini alikuwa kijana mwenye adabu. Alitoa shikamoo, akakataa kiti mpaka mke wangu aketi. Alipima, akapiga picha, akalinganisha orodha yangu na mabaki. "Fundi, ungekuwa unafanya kazi kwetu," akasema, nami nikafurahi. Hapo ndipo nilipomfungulia kurasa za shamba, kumwonyesha jinsi nyumba ilivyotunzwa. Alisoma polepole. Alirudi nyuma kurasa kadhaa, kisha mbele.

"Hapa umeandika mmevuka. Ndiyo siku mliyoondoka?"

"Ndiyo."

"Mkarudi lini?"

"Kesho yake baada ya moto."

"Katikati hapo, nani alilala humu?"

"Hapakuwa na haja ya kulala," nikasema, na kidole changu kilikuwa juu ya mstari. "Tazama. Jumatano, Jumamosi. Hakukosa hata mara moja."

Alifuata kidole changu hadi chini ya ukurasa. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu asiyependa anachosema, "Kwa hiyo nyumba ilikuwa tupu zaidi ya miezi minne, na mara mbili kwa wiki moto uliachwa jikoni bila mtu."

"Mwanangu," mke wangu akasema, "vitanda vyetu vilikuwa humu. Nguo zangu za kanisani zilikuwa humu. Utasemaje tupu?"

"Mama, mimi nakuelewa. Karatasi ndiyo haitakuelewa." Akafunga daftari akanirudishia kwa mikono miwili. "Mngeandika barua ya mistari miwili tu. Kwamba kila mwaka mnakwenda shamba, na fulani anabaki. Kampuni inatoa kibali, pengine inaomba mtu alale ndani. Wafanyakazi wa miwa kule Kidatu wanaandika kila wanapokwenda likizo."

"Hakuna aliyetuambia," nikasema.

"Kuna swali la tisa, Mzee."

Barua ya kampuni ilikuja mwezi wa nane, ukurasa mmoja: hawatalipa. Niliitafsiri katika daftari lilelile, kwa mazoea. Mke wangu aliniomba nimsomee.

"Inasema tumesema uongo?"

"Inasema maelezo yetu hayakuwa sahihi."

"Ni uongo huohuo, wameuvalisha tai."

Nimelifikiria jambo hili kwa miaka mingi na sijaweza kuwalaumu. Kampuni ilitaka kujua kama kuna jicho la mtu ndani ya nyumba moto unapowaka, na hapakuwa na jicho. Najiuliza pia kama ningeweza kumdanganya kijana yule, kama ningeliacha daftari na akaniuliza ana kwa ana. Sijui. Ninachojua ni kwamba sikuwa na nia ya kusema ukweli mchungu. Nilidhani nasema jambo la kujivunia.

Tulijenga kibanda cha miti na udongo kwenye kiwanja chetu, kikiegemea ukuta mmoja uliobaki. Sakafu ilikuwa udongo, dirisha moja, na tulipikia humohumo. Binti yetu alikuja kutoka Kidatu akamsihi mama yake aende kwake. Waliishi chumba kimoja katika nyumba za wafanyakazi.

"Nikakohoe pale mkwe wangu anasikiliza?" mke wangu akasema. "Mwanangu, niache na haya yangu."

Mwaka uliofuata hatukuvuka kwenda shamba. Mvua zilikuja, zile ambazo kila mtu wa bonde anazikumbuka, na ukuta wa udongo ulitoa maji kama jasho. Alirudi kulala ameketi, mgongo kwenye gunia la pumba. Nilimpeleka hospitali mara mbili, na mara mbili walimpunguzia, wakauliza anakolala, nikawaeleza. Shangazi alikuja kila siku na uji. Hakuwahi tena kugusa mafiga yetu. Aliupikia kwake na kuuleta umefunikwa.

Mke wangu hakuwahi kunitajia daftari. Nilisubiri alitaje. Mchana mmoja nilikuwa nimeketi karibu na mlango, penye mwanga, naandika kiasi cha mvua kama nilivyofanya kila siku.

"Unaandika nini?" akauliza. Ilibidi apumue katikati ya maneno.

"Mvua."

"Andika na mimi nimo."

Nilimtazama nione kama anatania. Midomo yake ilikuwa inatabasamu kidogo, lakini macho yalikuwa yananisubiri. Niliandika: Mama yumo. Nikamwonyesha mstari, akaukubali kwa kichwa. Baada ya hapo aliniuliza kila siku kama nimeandika, nami niliandika. Mistari hiyo ni kumi na tisa. Siku ya ishirini nilikwenda kutafuta nyasi za kuziba paa, na niliporudi na mzigo kichwani, Shangazi alikuwa amesimama mlangoni kwa magoti yake mabovu, amezuia njia kwa mikono yote miwili ili nisiingie haraka.

Nyumba niliirudisha baadaye, kidogo kidogo, juu ya kuta zilezile. Sakafu ya saruji, madirisha pande mbili. Jiko nililijenga kwa matofali na bati. Shamba nimewaachia ndugu wa mke wangu, maana kupiga debe peke yangu juu ya dungu sikuweza. Kwa hiyo mwezi wa kwanza, mtaa unapovuka, mimi nabaki. Jirani mmoja aliniomba nimwashie moto, akafuata wa pili, sasa nina funguo tano kwenye msumari mmoja. Nakwenda na kiti changu. Nawasha, nakaa, nasoma, na siondoki mpaka majivu yaweze kushikwa kwa mkono. Wenyewe wanaona nazidisha. Kabla hawajavuka nawaandikia pia barua ya mistari miwili, wale wachache waliokata bima, na wanaweka sahihi huku wamesimama, mizigo mabegani.

Mimi nami nilikata bima tena, kabla ya muongo ule kwisha. Wakala alikuwa mpya, binti mwenye haraka, na fomu ilikuwa sasa ya Kiswahili. Aliniuliza yeye na kujaza mwenyewe.

"Swali la tisa. Nyumba inakaliwa mwaka mzima?"

"Inakaliwa."

"Hakuna kuondoka? Shamba, safari?"

"Hakuna. Siku zote nimo."

"Vizuri. Mko wangapi?"

"Mmoja," nikasema. Akaandika, akaenda swali la kumi.